Mpangaji na Mkopo wa Nyumba: Namna ya Kujiandaa kwa Kipato Kidogo

Utangulizi

Katika miji mingi ya Tanzania, mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Muhula unapokaribia kwisha, familia hukusanya kila kilichopo, hukopa pengo lililobaki, hulipa, kisha huanza upya. Si ajabu basi mpangaji kujiuliza: ikiwa nimelipa kodi ya mwenye nyumba kwa miaka kumi bila kushindwa, kwa nini nisilipe mkopo wa nyumba yangu mwenyewe?

Swali hilo ni la haki, na kwa baadhi ya wasomaji wetu jibu lake ni kwamba inawezekana. Hata hivyo, kodi ya pango na rejesho la mkopo si mizigo ya aina moja. Anayeshindwa kulipa kodi huhama. Anayeshindwa kulipa mkopo wa nyumba huweza kupoteza nyumba pamoja na akiba yote aliyoitia ndani yake, na deni likabaki. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lengo la somo hili ni kumsaidia msomaji asifike matangani.

Msingi wa somo ni huu: mkopo wa nyumba hujaribiwa ukiwa bado mpangaji, kabla ya kusaini chochote. Aliyejaribu akashindwa hajapoteza kitu, maana akiba yake bado iko mikononi mwake.

1. Mkopo wa nyumba ni nini

Mkopo wa nyumba ni fedha ambazo benki hukupa ili ununue, ujenge au ukamilishe nyumba, nyumba hiyo ikiwekwa rehani mpaka deni liishe. Huishi ndani ya nyumba kama mwenye mali, lakini hati yake hubeba dai la benki. Mkopo hulipwa kwa miaka mingi, na kwa mwajiriwa muda wake kwa kawaida haupiti umri wa kustaafu.

Baadhi ya wananchi hudhani kwamba kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010, hukopesha mtu mmoja mmoja. Sivyo. Kampuni hiyo huzipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kutoa mikopo ya nyumba. Mwombaji huanza na kumaliza safari yake katika benki.

Msomaji asiyependa kulipa riba kwa sababu za imani anaweza kuuliza katika benki zinazofuata misingi ya Kiislamu. Huko benki huweza kununua nyumba na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, au kuimiliki pamoja naye huku sehemu yake ikipungua. Naye pia apige hesabu zilizomo katika somo hili, kwani rejesho la kila mwezi ni rejesho, jina lake liwe lolote.

2. Mambo ambayo benki hutazama

Wengi huamini kwamba benki hutazama ukubwa wa kipato peke yake. Kwa kweli hutazama pia kama kipato hicho kinaonekana. Fundi apataye shilingi 700,000 kwa mwezi zikaishia mfukoni anaweza kukataliwa pale ambapo mlinzi mwenye mshahara wa 450,000 unaopitia benki amekubaliwa. Kwa hiyo mpangaji ajenge ushahidi mapema:

(a) *Kipato.* Mwajiriwa ahifadhi hati za mshahara na mkataba wa ajira. Aliyejiajiri aandike mauzo na matumizi kila siku katika daftari, na apitishe mapato yake katika akaunti ya benki au ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake.

(b) *Kodi ya pango.* Dai mkataba wa maandishi, na lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu. Mwenye nyumba akipokea fedha taslimu, mwombe risiti yenye tarehe, kiasi na sahihi. Risiti za kodi pekee hazikupatii mkopo, lakini huonyesha kwamba una desturi ya kulipa.

(c) *Madeni mengine.* Benki huulizia historia yako katika taasisi za taarifa za mikopo. Deni dogo la simu ulilolisahau laweza kuonekana humo. Omba taarifa yako mwenyewe, uisome, na iwapo ina kosa udai isahihishwe kabla ya kuomba mkopo.

(d) *Malipo ya awali.* Benki kwa kawaida haitoi bei yote ya nyumba. Sehemu hutoka kwa mnunuzi, na mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 20. Kwa mwenye kipato kidogo, hiki ndicho kizingiti kirefu kuliko vyote.

Jambo moja la hadhari: usikope malipo ya awali. Mkopo wa haraka wa simu unaochukuliwa ili kukamilisha malipo hayo huanza kulipwa mwezi uleule ambao rejesho la nyumba linaanza. Tena, si kila anayekopesha kwa simu ana ruhusa ya kufanya hivyo. Mnamo Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kufungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni.

3. Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo. Mume ni mlinzi, mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi 450,000. Mke ni mshonaji, faida yake ya wastani ni 350,000. Jumla ni 800,000 kwa mwezi. Wamepanga vyumba viwili Mbagala kwa 120,000 kwa mwezi, zinazolipwa kila baada ya miezi sita, yaani 720,000 kwa mkupuo. Wanatamani nyumba ndogo ya pembezoni mwa jiji yenye bei ya 25,000,000. Watatoa 5,000,000 na kukopa 20,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayokokotolewa kwa salio linalopungua. Riba ya benki yako inaweza kuwa tofauti. Sisi tunatumia hii ili kuonyesha njia.

Hivi ndivyo mkopo huo unavyokuwa kwa miaka tofauti:

- Miaka 10: rejesho la mwezi takriban 322,700, jumla ya malipo takriban 38,720,000.
- Miaka 15: rejesho la mwezi takriban 279,900, jumla ya malipo takriban 50,390,000.
- Miaka 25: rejesho la mwezi takriban 256,200, jumla ya malipo takriban 76,850,000.

Tunamwomba msomaji atulie hapa kidogo. Ukirefusha mkopo kutoka miaka 15 hadi 25, unapata nafuu ya shilingi 23,700 hivi kwa mwezi, lakini unaongeza zaidi ya shilingi milioni 26 katika jumla ya malipo. Sababu yake ni nyepesi. Riba ya mwezi wa kwanza kwa deni la 20,000,000 ni 250,000. Katika mkopo wa miaka 25, rejesho la kwanza la 256,200 hupunguza deni kwa shilingi 6,200 tu. Zilizobaki zote ni riba. Mkopo mrefu huonekana mwepesi kwa sababu kwa miaka mingi deni lenyewe haliguswi sana.

Hesabu ya pili ni ya riba inayobadilika. Mikataba mingine huiruhusu benki kupandisha riba. Kama riba ya mkopo wa miaka 15 ingekuwa asilimia 18, rejesho lingefikia takriban 322,100, yaani ongezeko la zaidi ya 42,000 kila mwezi. Familia ijiulize mapema fedha hizo zingetoka wapi.

Hesabu ya tatu ni ya mambo yasiyoandikwa katika mkataba wa mkopo. Mwenye nyumba hutengeneza paa lake mwenyewe. Hulipa kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mwenye hatimiliki hulipa pia kodi ya pango la ardhi. Kisha kuna nauli. Ikiwa kuhamia pembezoni kutamwongezea kila mmoja wa hawa wawili shilingi 1,000 kwa siku, basi kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000 kwa mwezi. Nyumba iliyo mbali hupunguza bei, lakini nauli huwa rejesho la pili.

4. Zoezi la miezi 12

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Tunamshauri kila mpangaji anayefikiria mkopo wa nyumba aishi kwa mwaka mmoja kana kwamba ameshaupata.

*Hatua ya kwanza.* Tafuta rejesho la mkopo unaoutaka. Kwa familia ya mfano wetu ni 280,000 kwa mwezi.

*Hatua ya pili.* Toa kodi unayolipa sasa. 280,000 ukiondoa 120,000 hubaki 160,000.

*Hatua ya tatu.* Siku ileile mapato yanapoingia, weka 160,000 katika akaunti ya pekee isiyotumika kwa jambo jingine. Weka kando pia 120,000 za kodi, ili muhula ukifika 720,000 ziwe tayari na usilazimike kukopa.

*Hatua ya nne.* Andika kila mwezi kama umeweza, umechelewa au umeshindwa, na sababu yake. Usifiche miezi mibaya. Miezi hiyo ndiyo yenye mafunzo makubwa: Januari ya ada na sare za shule, mwezi wa msiba, mwezi ambao cherehani imeharibika.

Mwisho wa mwaka familia hii itakuwa na akiba ya 1,920,000, na itakuwa imepata jibu ambalo ofisa wa mikopo hawezi kuwapa. Ikiwa wameweza kwa miezi yote bila kukopa kwingine, mkopo huo unaelekea kuwa wa kipimo chao. Ikiwa wameshindwa mara tatu au zaidi, kipimo hicho ni kikubwa. Na wasikate tamaa, bali wapunguze. Iwapo wangeweza kuweka 100,000 badala ya 160,000, rejesho lao halisi ni 220,000, na kwa masharti yaleyale ya riba na miaka 15 mkopo unaowafaa ni takriban 15,700,000.

Tuseme ukweli kuhusu muda. Kufikisha 5,000,000 kwa kuweka 160,000 kila mwezi huchukua miezi 32. Wakiongeza akiba ya dharura ya marejesho matatu, yaani 840,000 hivi, watapita miaka mitatu kabla ya kuhesabu gharama za mthamini, wakili, ushuru wa stempu, usajili na bima. Ni muda mrefu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Anayefika huko hufika akiwa na desturi ya kuweka fedha, kumbukumbu za miaka mitatu na akiba ya kumkinga.

Kwa nini tunasisitiza akiba ya dharura? Rudi kwenye mfano. Mlinzi akipoteza kazi, kipato cha familia kitabaki 350,000, na rejesho la 280,000 litachukua nne ya tano ya kipato hicho. Akiba ya miezi mitatu humpa muda wa kutafuta kazi nyingine kabla barua ya benki haijafika.

Kwa watumishi wa umma, utaratibu hutaka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Huo ni ukomo, na asiwepo mtu wa kuufanya lengo. Mtumishi aliyebakiwa na theluthi moja na bado ana watoto shuleni yuko ndani ya utaratibu, lakini maisha yatamshinda.

5. Hati ya nyumba na ridhaa ya mwenzi

Nyumba nzuri yenye hati mbovu haiwezi kuwa dhamana, na hata kwa fedha taslimu haifai kununuliwa. Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa huonyesha kwamba watu wawili walipatana. Haithibitishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki, wala kwamba kiwanja hakina rehani nyingine.

Kwa mkopo wa muda mrefu benki kwa kawaida hutaka hatimiliki iliyosajiliwa. Kwa chumba au sehemu ya jengo la ghorofa, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo huruhusu kila sehemu kuwa na hati yake. Katika makazi yasiyopimwa kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Leseni hiyo husaidia katika mikopo midogo, lakini uzito wake si ule wa hatimiliki.

Kabla ya kumlipa muuzaji au dalali hata shilingi moja, fanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi hukuonyesha jina la mmiliki na madai yaliyosajiliwa juu ya ardhi hiyo. Kisha nenda mwenyewe kwenye nyumba, uzungumze na majirani, na uulize ni nani anaishi humo.

Jambo jingine ni mwenzi wa ndoa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Ikiwa wewe ndiwe mwenzi unayeletewa karatasi usaini, fahamu kwamba sahihi yako si utaratibu wa ofisini tu. Ni kinga uliyopewa na sheria. Soma, uliza rejesho ni kiasi gani, na kataa kusaini usichokielewa.

6. Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Una haki ya kupewa masharti muhimu kwa maandishi na kuondoka nayo ukayasome nyumbani. Muulize ofisa maswali haya, na uandike majibu:

1. Nitalipa jumla ya shilingi ngapi mpaka mwisho, pamoja na ada zote na bima?
2. Je, riba inakokotolewa kwa salio linalopungua au kwa mkopo wote wa awali?
3. Je, riba inaweza kubadilika? Nitajulishwa vipi, na kwa muda gani kabla?
4. Nikichelewa kwa siku kumi, nitatozwa nini?
5. Nikipata fedha nikataka kumaliza deni mapema, je, kuna faini?
6. Bima inalipa nini nikifariki au nikipata ulemavu?

Ofisa anayekuharakisha usaini leo kwa sababu nafasi ni chache hajibu swali lolote kati ya haya.

7. Mkopo mkubwa usipokufaa

Tanzania watu wengi hujenga kwa awamu: kiwanja kwanza, kisha msingi, kisha kuta, kisha bati. Njia hii si ya aibu. Baadhi ya benki, taasisi ndogo za fedha na SACCOS hutoa mikopo midogo ya ujenzi inayolipwa kwa miaka michache, na kila awamu humalizika kabla ya nyingine kuanza.

Katika mikopo hii chunga sana namna ya kukokotoa riba. Chukua mkopo wa 6,000,000 kwa miezi 36, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kama riba ni ya salio linalopungua, rejesho ni takriban 235,400 na riba yote ni takriban 2,474,000. Kama riba inahesabiwa kwa mkopo wote wa awali mpaka mwisho, rejesho ni takriban 286,700 na riba yote ni 4,320,000. Tangazo la mikopo yote miwili husema "asilimia 2", lakini tofauti yake ni zaidi ya shilingi 1,840,000, fedha ambazo zingenunua bati.

8. Ukikwama katikati ya njia

Dawa ya deni kulipa, lakini ikishindikana, dawa ya pili ni kusema mapema. Nenda benki kabla hujakosa rejesho la kwanza, ukiwa na barua inayoeleza tatizo na kiasi unachoweza kulipa. Omba mpangilio mpya wa marejesho, na ukikubaliwa udai makubaliano hayo kwa maandishi. Kumbuka kwamba kurefusha muda huongeza jumla ya malipo, kama tulivyoona.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2008, hailiruhusu benki kuuza nyumba kwa ghafla. Ni lazima upewe notisi ya maandishi inayoeleza kosa lako na kiasi unachodaiwa, na siku 60 za kulirekebisha tangu uipokee. Nyumba ikiuzwa, muuzaji anawajibika kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa wakati huo, na fedha zinazobaki baada ya deni na gharama kulipwa ni zako. Usiitupe notisi wala usiifiche mwenzi wako asiione. Siku 60 huhesabika hata kwa aliyefumba macho.

Ukiona umetendewa isivyo haki, peleka malalamiko kwa maandishi katika benki yenyewe, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada wa kisheria kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Maswali ya kujipima

Jadilini maswali haya nyumbani, watu wote wanaotegemea kipato kimoja wakiwapo:

1. Rejesho la mkopo tunaoutaka ni kiasi gani, na tofauti yake na kodi ya sasa ni ngapi?
2. Ni mwezi gani wa mwaka jana ambao tusingeweza kulipa? Kwa nini?
3. Mmoja wetu akipoteza kipato kesho, tutalipa kwa miezi mingapi?
4. Je, hati ya nyumba tunayoitaka tumeithibitisha ofisini, au tumeambiwa na dalali?

Kama majibu yenu hayajakamilika, msione haya. Endeleeni kupanga, endeleeni kuweka, na rudieni maswali haya baada ya miezi sita, siku ile mnapolipa kodi.